Kupunguza upepo wa tairi kisa jua kali? Hapana jamani

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu, eti kipindi cha joto punguza upepo maana hewa inatanuka na tairi litapasuka njiani. Ni kweli hewa ikipata moto presha inapanda, hapo hawajadanganya, ila waliotengeneza gari walishapigia hesabu hilo. Kinachopasua tairi mara nyingi ni upepo mdogo, tairi lililolegea linajikunjakunja kila linapozunguka, linajipasha moto lenyewe mpaka nyuzi za ndani zinaachana, na ukiwa na mzigo na spidi ndo balaa zaidi.

Kipimo sahihi kipo kwenye stika, fungua mlango wa dereva utaiona pale kwenye nguzo. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo, sio ya kujazia. Pima asubuhi kabla hujatoka, au gari likishapaki masaa 3 hivi, maana ukipunguza tairi likiwa la moto likipoa linakuwa chini ya kiwango.

Nadhani watu wanachanganya na wanaopunguza upepo kupita kwenye mchanga, ambao wanaenda polepole na wakitoka wanajaza tena. Ukiletewa hiyo meseji usiiforwadi, mwambie tu aliyetuma akaangalie stika yake.