Barakoa haizuii sumu ya jiko la mkaa: maswali ya wazazi kuhusu barakoa za watoto

Juni hadi Agosti ndio msimu wa maswali haya. Mvua za masika zimekwisha, vumbi limeanza, na kule Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto baridi inawafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani wanapolala watoto.

Barakoa inamkinga mtoto na nini hasa?

Inamkinga na chembechembe: vumbi, masizi na ule moshi unaouona kwa macho. Hatari zaidi ni zile ndogo kabisa ziitwazo PM2.5, ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo mara ishirini na zaidi. Chembe hizo hupita puani na kooni zikaenda kutua kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Barakoa nzuri iliyobana uso hukamata sehemu kubwa ya hizo.

Gesi haiikamati. Kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, hupita kwenye barakoa ya aina yoyote kana kwamba mtoto hajavaa kitu.

Mimi na mwanangu tunavuta hewa ileile. Kwa nini yeye ndiye augue?

Kwa sababu anapumua haraka kuliko wewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kufika 30 na ushee akiwa mzima kabisa. Ukilinganisha na uzito wake, anavuta hewa chafu nyingi kuliko wewe. Njia zake za hewa ni nyembamba, kwa hiyo uvimbe kidogo tu unaziba. Akiwa barabarani, pua yake iko karibu na usawa wa bomba la moshi la daladala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Ninunue barakoa ipi?

Tafuta yenye maandishi KN95, KF94 au FFP2, ya saizi ya mtoto, yenye waya wa kubana puani. Ile ya N95 inayouzwa madukani imepimwa kwa nyuso za watu wazima; kwa mtoto hupwaya, na barakoa inayopwaya hupitisha hewa pembeni bila kuchujwa. Ya kitambaa hupunguza vumbi la barabarani, lakini masizi ya malori hupenya. Ile ya bluu ya hospitali huchuja vizuri kuliko kitambaa, ila huacha mianya mashavuni. Ukiwa nayo hiyo tu, piga fundo kwenye kila kamba karibu kabisa na barakoa, kisha kunja pembe zilizobaki ziingie ndani.

Namvalisha vipi?

Nawa mikono. Weka sehemu ya chini kidevuni kwanza, ndipo uvute kamba nyuma ya masikio au kichwa. Bana waya kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka ukae sawa na mfupa wa pua. Mwambie apulize kwa nguvu huku umeweka kiganja karibu na macho na mashavu yake. Ukihisi hewa inatoka, rekebisha. Akivuta pumzi, barakoa inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Isiponywea, hewa inapita pembeni.

Naweza kuifua?

Ya kitambaa, ndiyo, kila siku. KN95 na wenzake, hapana. Chujio lake lina chaji ya umeme tuli inayonasa chembe ndogo, na sabuni au spiriti huiondoa. Inatoka safi machoni lakini imekufa kazi. Itupe ikiloa, ikichafuka ndani, kamba zikilegea au mtoto akianza kuvuta pumzi kwa shida.

Mwanangu ana mwaka mmoja. Nimvalishe?

Hapana. Mtoto wa chini ya miaka 2 havai barakoa, wala yeyote asiyeweza kuivua mwenyewe. Anaweza kukosa hewa mgongoni kwako usijue. Huyo kinga yake ni kumwondoa kwenye moshi.

Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu hauna moshi tena. Hapo si salama kuingiza jiko ndani?

Hapana. Hapo ndipo watu wanapokosea, na kosa hili linaua familia nzima usiku mmoja. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini unaendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hujishika kwenye chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Oksijeni hukosa pa kukaa, na mwili unakosa hewa huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka kama kawaida.

Na nikimvalisha barakoa ndipo tulale na jiko?

Hapana, na hapana tena. Barakoa haizuii gesi hii. Isitoshe, mtoto halali na barakoa.

Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Hapana. Upenyo mdogo hautoshi, na usiku wa baridi dirisha hilo litafungwa na yeyote atakayeamka akitetemeka. Jiko la mkaa halilali na watu, liwe na moto mwingi au majivu yenye makaa machache. Chemsha maji, jaza kwenye chupa, funga kifuniko barabara, vingirisha kwenye kitambaa, pasha kitanda moto, kisha iondoe kabla mtoto hajalala. Mvike soksi na kofia. Hakuna baridi ya Makete inayohalalisha mkaa chumbani.

Tutajuaje kwamba gesi imetuingia?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kuishiwa nguvu, usingizi mzito. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakilalamika kichwa asubuhi moja, hiyo si malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinauma. Utaona amelegea na hataki kunyonya.

Watoe wote nje mara moja, fungua milango, nenda hospitali. Usisubiri aamke vizuri. Usimpe maziwa: sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na aliyelegea anaweza kupaliwa. Dawa yake ni oksijeni. Mjamzito aende hata kama anajisikia nafuu, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi.

Mtoto wangu ana pumu. Barakoa inatosha?

Haitoshi. Aendelee na dawa zake za kila siku kama alivyopangiwa, na ile ya kupulizia ya dharura iwe kwenye begi la shule. Akibanwa, vua barakoa kwanza.

Na jikoni mchana?

Pikia nje au kwenye chumba cha kupikia chenye dirisha mkabala na mlango, mtoto akiwa mbali. Kuni ziwe kavu. Acheni kuwashia mkaa kwa mifuko ya plastiki na vipande vya matairi. Tunaomba kila mwaka na kila mwaka tunaendelea kuona masizi puani mwa watoto. Mwenye uwezo wa kujaza mtungi mdogo wa gesi, ausogeze huo mbele ya matumizi mengine.

Anakohoa siku ya tatu sasa. Si vumbi tu?

Usikisie, hesabu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, pandisha nguo utazame tumbo na kifua kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi 11, mara 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5, mara 40 au zaidi. Akifika hapo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani huenda ni nimonia. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi, ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea, nenda sasa hivi, hata usiku. Usimvalishe barakoa, usimfukize.

Mkifika, semeni wazi kama kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtoto anayekufa kwa sumu. Usiposema, mhudumu anaweza kukurudisha nyumbani.