Laptopu inapohamia tawi jingine: App-V inavuta programu kutoka seva ipi?

Kwenye taasisi zenye matawi mengi, lalamiko hili si geni: laptopu ya makao makuu inafika mkoani, programu zinazotiririshwa kwa App-V (teknolojia ya Microsoft ya kuendesha programu kutoka seva bila kuzisakinisha kwa njia ya kawaida) zinaonekana kwenye menyu, lakini ukibofya moja unasubiri hadi unakata tamaa. Fundi wa TEHAMA anabadilisha anwani ya seva, hali inabaki vilevile, na lawama zinaangukia mtandao.

Kinachosahaulika ni kwamba laptopu hiyo hutegemea seva kwa mambo mawili tofauti. Seva ya uchapishaji hutoa orodha ya XML inayosema nani ameruhusiwa programu ipi. Faili lenyewe la .appv, yaani kifurushi cha programu, ambalo laweza kuwa na mamia ya megabaiti, hukaa kwenye folda ya pamoja ambayo njia yake iliandikwa siku kifurushi kilipoingizwa kwenye seva ya usimamizi, ambako msimamizi husajili vifurushi na kuamua nani avipate. Kama kiliingizwa kwa njia ya \\hq01\appv, hata seva ya uchapishaji ya tawini itairudisha laptopu hukohuko hq01, kupitia laini nyembamba ya mkoa.

Dawa tunayoipendelea ni DFS, mfumo wa Windows unaoziweka folda za seva mbalimbali chini ya njia moja. Vifurushi viingizwe tangu mwanzo kwa njia ya jina la domeni, kwa mfano \\taasisi.local\appv, na kila tawi liwe na nakala ya folda hiyo. Windows itachagua nakala iliyo karibu kwa kuangalia saiti (maeneo ya mtandao) zilizoandikwa kwenye Active Directory, saraka ya kompyuta na watumiaji wa taasisi. Hapa ndipo wengi hujikwaa: anwani za IP za tawi jipya zisiposajiliwa chini ya saiti yake, laptopu inaweza kupelekwa kwenye seva yoyote, hata ya mkoa wa mbali. Yape pia makundi ya Domain Computers na Domain Users (kompyuta zote na watumiaji wote wa domeni) ruhusa ya kusoma kwenye folda.

Pasipo DFS, mteja wa App-V (sehemu ya App-V iliyo kwenye laptopu) ana mpangilio unaoitwa PackageSourceRoot, unaobatilisha chanzo kilichoandikwa kwenye orodha. Huwekwa kwa amri ya PowerShell:

Set-AppvClientConfiguration -PackageSourceRoot "\\tawi02\appv"

Mpangilio wa folda ufanane kwenye seva zote, na ujaribu kifurushi kimoja kabla ya kuusambaza. Kasoro yake ni kwamba hauhami na laptopu: ikirudi makao makuu, itaendelea kuvuta kutoka tawi02 hadi mtu aubadilishe.

Upande wa uchapishaji, anza na Get-AppvPublishingServer uone namba ya kila seva. Zilizowekwa kwa Group Policy (sera za pamoja za kompyuta za domeni), ambayo hukubali hadi seva tano, zibadilishwe hukohuko kwenye sera. Nyingine huongezwa kwa Add-AppvPublishingServer na kuondolewa kwa Remove-AppvPublishingServer. Kisha isawazishe laptopu na seva kwa namba yake:

Sync-AppvPublishingServer -ServerId 1

Programu mpya isipoonekana papo hapo, usianze kusakinisha upya. Kwa kawaida seva ya uchapishaji huiuliza seva ya usimamizi kila baada ya dakika 10.

Seva za uchapishaji ziwe nyingi upendavyo, ila hifadhidata ya usimamizi iwe moja. Na faili la .appv linakiliwe jinsi lilivyo. La sivyo, kila tawi likitengeneza kifurushi chake, programu ileile itapata PackageId (kitambulisho cha kifurushi) tofauti na laptopu itaihesabu kuwa programu mbili, zikigombania njia za mkato na aina za mafaili.

Kwa laptopu zinazosafiri, zima SharedContentStoreMode (iwe 0). Hali hiyo imekusudiwa seva za vikao vya mbali: data ya programu haihifadhiwi kwenye diski, hivyo seva ikikosekana programu nayo haifanyi kazi. Kabla ya safari, pakia kila kitu:

Get-AppvClientPackage -All | Mount-AppvClientPackage

Hakikisha PercentLoaded (asilimia iliyopakiwa) kwenye matokeo ya Get-AppvClientPackage imefika 100. Usipime kwa ukubwa wa mafaili yaliyo C:\ProgramData\App-V, kwa sababu mafaili hayo huonyesha ukubwa kamili hata kama hayajajaa. Tazama nafasi ambayo yamekalia kwenye diski.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia modemu au hotspoti ya simu. Windows ikitambua kuwa intaneti hiyo ni ya kulipia kwa kiasi, App-V inaweza kukataa kufungua programu. Mpangilio unaohusika ni AllowHighCostLaunch. Tusingeuwasha kwa kila mtu, maana bando la ofisi huisha haraka. Kupakia mapema ni nafuu zaidi.

Programu ikigoma bado, fungua Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, AppV, Client, kisha Admin. Baada ya hapo fungua anwani ya seva ya uchapishaji kwenye kivinjari. XML ikionekana na kifurushi kimo, tatizo liko kwenye folda ya mafaili au ruhusa zake. Isipoonekana, anza na seva ya uchapishaji yenyewe.