Ukikuta Mabaki ya Kale, Usiyatoe Wala Usiyaoshe

Tangu kampeni ya kuhimiza wananchi kutoa taarifa za mabaki ya kale ianze, simu zimeongezeka, na malalamiko nayo yameongezeka. Kwa simu, sisi wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa mabaki ya kale, tunashukuru sana. Malalamiko ni kwamba tunachelewesha ujenzi, tunachimba kisha tunafukia bila kuonyesha kitu, na tunabeba mali tukaondoka nayo. Nitayajibu, lakini naanza na linaloniuma zaidi: vitu vinavyoletwa ofisini ndani ya mfuko, vimeoshwa na kung'arishwa, na aliyevileta anatabasamu kwa nia njema kabisa.

Chungu kikioshwa kimepoteza sehemu ya habari zake. Mafuta ya chakula hupenya kwenye kuta za chungu na huweza kukaa humo maelfu ya miaka, na kutokana nayo maabara hutambua kama kilipikiwa maziwa au samaki. Kipande cha mkaa kilicholala kando yake ndicho kingetupa umri, kwa kuwa kaboni ya 14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye vitu vilivyokuwa hai, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi, na kipimo hicho hufika nyuma hadi miaka 50,000 hivi. Hata chembe za mchanga zilizokizunguka zina hesabu yake: zikishafunikwa zisione jua, huanza kukusanya nishati inayoonyesha zimefunikwa kwa muda gani, na mwanga ukizigusa tu hesabu hiyo inafutika. Ndiyo maana sampuli za mchanga huo tunazitoa kwa bomba lisilopitisha mwanga. Aliyetuletea chungu ametuletea chungu peke yake. Mkaa, mchanga na tabaka za udongo vimebaki shimoni, vimevurugwa, na hakuna anayeweza kuvirudisha vilivyokuwa.

Mfano wa Ujerumani unaeleza hasara hii vizuri. Mwaka 1999 watu wawili wenye mashine za kutambua metali walichimbua kinyemela, karibu na mji wa Nebra, sahani ya shaba nyeusi yenye jua, mwezi na nyota za dhahabu. Waliijeruhi kwa zana zao. Polisi waliikamata Basel, Uswisi, mwaka 2002. Watafiti walilazimika kulinganisha udongo ulioganda kwenye sahani na udongo wa kilima walichokitaja wachimbaji hao ili tu kuthibitisha ilikotoka. Wengi wanakubali ni ya miaka 3,600 hivi iliyopita, lakini mwaka 2020 wataalamu wawili walipinga umri huo kwa maandishi, na mlango wa ubishi huo uliachwa wazi na wachimbaji wale. Kama sahani ingetolewa kwa utaratibu, swali hilo lingejibiwa siku ileile shimoni.

Lawama hizi zinatuhusu na sisi. Mchimbaji Mjerumani Heinrich Schliemann, miaka ya 1870, alikata mtaro mpana katikati ya kilima cha Hisarlik, Uturuki, akitafuta Troia ya Mfalme Priamo, mji wa hadithi za Wagiriki wa kale. Alipita kwenye tabaka za zama alizokuwa akizitafuta, akazitupa kama kifusi, akafikia tabaka lililozitangulia kwa zaidi ya miaka 1,000. Uchimbaji ni uharibifu hata ukifanywa na profesa, kwa sababu tabaka huondolewa mara moja tu. Kinachotofautisha utafiti na uporaji ni kumbukumbu: eneo hugawanywa kwa miraba, udongo hutolewa kwa mwiko na brashi tabaka kwa tabaka, kila tabaka hupewa namba yake, huchorwa, hupigwa picha na kupimwa, na udongo wote hupita kwenye chekeche. Sehemu ya eneo huachwa bila kuguswa, kwa ajili ya watakaokuja na vipimo bora kuliko vyetu.

Hapo ndipo linapoingia suala la kufukia. Narudia, kwa kuwa swali hili hujibiwa kila mkutano na huulizwa tena mkutano unaofuata: tunafukia ili kuhifadhi. Hatufichi dhahabu. Maeneo mengi tunayochimba hayana hata chembe ya dhahabu. Yana vigae, mifupa, majivu na mashimo ya nguzo. Sanamu za wanajeshi wa udongo waliogunduliwa na wakulima wa China waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 zilikuwa na rangi, na mara nyingi rangi hiyo ilijikunja na kubanduka ndani ya dakika chache baada ya kukutana na hewa kavu. Kaburi kuu la mfalme aliyezikwa nazo halijafunguliwa hadi leo. Nyayo za mababu wa binadamu za Laetoli, Tanzania, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zilifukiwa baada ya utafiti wa 1978 na 1979. Lakini udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, mizizi ikatishia nyayo, ikabidi kazi irudiwe katikati ya miaka ya 1990, safari hii kwa udongo uliochekechwa na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Kwa hiyo hata kufukia kuna ufundi wake.

Mifupa ya binadamu ina masharti yake. Tangu Mapatano ya Vermillion ya 1989, taaluma yetu imekiri kwamba matakwa ya marehemu, pale yanapojulikana, na ya jamii yake yanastahili heshima sawa na thamani ya utafiti. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kurejesha mabaki ya wenyeji wa asili kwa jamii zao. Ukikuta mifupa, waite polisi kwanza, kwa sababu huwezi kujua kwa macho kama ni ya kale au ya mwaka jana.

Utaratibu wenyewe ni huu. Simamisha kazi mahali pale. Usitoe kitu, na kilichokwisha kutoka usikirudishe shimoni. Kiweke kivulini, bila kukiosha, na uandike kilitoka upande gani na kina gani. Piga picha ya karibu ukiwa umeweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, kisha picha ya mbali inayoonyesha mti, ukuta au njia. Chukua nukta za mahali (GPS) kwa simu yako. Toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale, na taja jina la aliyeona kwanza, maana litaandikwa. Usipandishe picha mtandaoni kabla hatujafika, kwani waporaji nao husoma. Mara nyingi ukaguzi huishia kwenye picha na vipimo, na ujenzi huendelea. Unaochelewa sana ni ule ambao mwenye kiwanja alificha, tukaja kuitwa na majirani.

Kuhusu adhabu, watu hudhani ni faini ndogo. Uingereza, anayekuta hazina hupaswa kuitolea taarifa ndani ya siku 14. Wawili waliokuta mamia ya sarafu za kale huko Herefordshire mwaka 2015 walizificha na kuuza baadhi kimyakimya. Mwaka 2019 mmoja alihukumiwa miaka 10 jela na mwenzake miaka minane na nusu. Rufaa ilipunguza vifungo, lakini wakabaki wafungwa. Kama wangetoa taarifa, wangeweza kupata mgawo halali wa zawadi. Sarafu chache tu ndizo zilizopatikana. Mnunuzi naye hayuko salama: Mkataba wa UNESCO wa 1970 ulilenga biashara haramu ya mali za kitamaduni, na ule wa UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria za nchi, wa 1995 unatamka kwamba kitu kilichochimbuliwa kinyume cha sheria kihesabiwe kuwa cha wizi.

Na wanaosema tunabeba mali wana haki ya kuuliza. Kibali cha uchimbaji hutaja mwenye jukumu, mipaka ya eneo, muda, idhini ya mwenye ardhi, ghala litakalopokea vitu na tarehe ya kukabidhi ripoti. Kila kitu kinachotoka shimoni huandikwa kwenye daftari kabla ya kufungwa kwenye sanduku. Ukiona watu wanachimba, omba kuoneshwa kibali. Wakikataa, wapigie simu polisi, kisha utupigie na sisi, hata kama waliokataa wamevaa fulana zenye nembo yetu.