Mwisho hadi mwisho, lakini mwisho upi?

Kamati ya harusi ikifika kwenye bajeti, au ndugu wakianza kujadili kiwanja cha marehemu, hakosekani wa kusema: "Haya tumalizie WhatsApp jamani, kule kumesimbwa, hakuna anayeona." Anasema kwa uhakika kabisa, maana kile kibandiko cha njano kinachotokea juu ya mazungumzo mapya amekisoma. Shida ni alichokielewa.

Maana yenyewe tuimalize haraka. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ni ujumbe kuvurugwa ndani ya simu ya anayetuma, kusafiri ukiwa umevurugika hivyo hivyo, na kuja kusomeka tena ndani ya simu ya anayepokea. Funguo zinakaa kwenye simu zenyewe. Seva za kampuni, yaani kompyuta zake kubwa zinazopitisha jumbe, mtandao wako wa simu, waifai ya mgahawa wa Mikocheni, wote hao wanapitisha tu wasichoweza kukisoma. WhatsApp ilikamilisha kuwawekea watumiaji wake wote mfumo huu Aprili 2016, kwa itifaki, yaani utaratibu wa kusimba, iliyotoka kwa watengenezaji wa Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe. Hesabu zake ni nzuri na sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu uko kwingine. Kwanza, kuna watu wakishasikia "imesimbwa" basi wameridhika, kana kwamba kusimba ni kwa aina moja. Siku hizi karibu kila kitu mtandaoni kimesimbwa kwa namna fulani. Ile alama ya kufuli kwenye kivinjari inakwambia kwamba njia kati ya simu yako na seva ya tovuti imefungwa. Ukifika kwenye seva, ujumbe unafunguliwa na mwenye seva anausoma. Na lazima ausome, la sivyo benki ingejuaje kwamba umeomba salio? Gmail nayo iko hivyo: njiani pamefungwa, ila Google akitaka kufungua, funguo anazo. Ni kama mzigo unaoupeleka ofisi ya basi, ukafunguliwa kaunta, ukafungwa upya vizuri, ukapanda gari. Umefungwa safari nzima, sawa, lakini wa kaunta anajua ndani kuna nini.

Hapo ndipo Telegram inapowaponza wengi. Mjini hapa kuna imani kwamba Telegram ndiyo ya siri kuliko zote, na ukiuliza sababu utaambiwa namba haionekani na muvi hazifutwi. Sasa jiulize: ukiingia Telegram kwenye simu mpya ukakuta mazungumzo ya miaka mitatu yanakusubiri, yalikuwa yamekaa wapi? Yalikuwa kwenye seva zao. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yamesimbwa kati ya simu yako na seva zao, basi. Kuna mazungumzo ya siri ambayo kweli ni mwisho hadi mwisho, lakini unayafungua mwenyewe kwa makusudi, ni ya watu wawili tu, na grupu hayamo kabisa. Messenger ya Facebook nayo ilianza kuwawekea watu usimbaji huu bila wao kuuomba Desemba 2023 tu. Kwa hiyo yale uliyoyaandika humo zamani, ukidhani ni siri yako na mchumba, wenye seva waliweza kuyasoma.

Pili, na hili ndilo linaniudhi zaidi, ni hiyo miisho. Mwisho ni kifaa. Si wewe, si mwenzio, ni kifaa chochote kilichopewa funguo. Nenda steshenari yoyote karibu na chuo uone. Kijana amekuja kuprinti barua ya maombi ya kazi, faili liko WhatsApp. Dada wa steshenari anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yake, kijana anaskani, faili linashuka, karatasi inatoka, hela inalipwa, kijana huyo anakimbilia daladala. Kubonyeza "toka" hakuna aliyekumbuka. Tangu 2021 kifaa kilichounganishwa hakihitaji simu iwe karibu wala iwe na bando. Kwa hiyo kompyuta ile sasa nayo ni mwisho. Mama wa kijana akimtumia ujumbe jioni, unasimbwa kwa ajili ya kompyuta ile pia, kwa ufundi uleule usiovunjika, na unasomeka pale kwenye skrini huku mteja mwingine akisubiri nakala za cheti.

Na fundi wa Kariakoo je? Anabandika selotepu nyuma ya simu yako, anakuuliza paterni, anaichora juu ya selotepu kwa kalamu, simu inalala kwake. Usimbaji wako uko salama salimini. Fundi anausoma ujumbe ukiwa umeshafunguliwa.

Grupu ndiyo kabisa. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 katika grupu moja, maana yake miisho 1,024 kwa uchache, na kila mmoja ana kidole cha kupiga skrinishoti. Hakuna kilichovunjwa hapo, aliyepewa amegawa. Hata mahakamani skrinishoti hizo zinafika: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Bakapu nazo watu wanazisahau. Mazungumzo yanayohifadhiwa Google Drive hayamo ndani ya usimbaji huu mpaka uende kwenye mipangilio uuwashe mwenyewe, na hiyo nafasi imekuwepo tangu 2021. Halafu ukiripoti mtu, jumbe tano za mwisho alizokutumia zinapelekwa WhatsApp, zikiwa zinasomeka. Sisemi ni vibaya. Nasema tu zinasomeka.

Na hata huko njiani kinachofichwa ni maneno. Nani kamtumia nani, saa ngapi, mara ngapi, hayo si maneno, na kampuni inaweza kuyajua. Laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole, kwa hiyo namba ni mtu. Signal walipoletewa hati ya mahakama Marekani mwaka 2016, walichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganika, kwa kuwa hawakuwa wametunza zaidi ya hapo. Hiyo ni sifa nyingine, na kusimba peke yake hakuileti.

Simkatazi mtu WhatsApp. Naitumia kutwa, na SMS ya kawaida ni mbaya zaidi, kampuni ya simu inaweza kuisoma bila jasho. Ila mtu akitaka kututoa wasiwasi kwenye kikao, badala ya "hakuna anayeona" aseme tu kwamba ujumbe hausomeki njiani. Halafu kabla hajatuma hizo namba za akaunti, awaombe watu wafungue pale kwenye vifaa vilivyounganishwa, waangalie kama kuna kompyuta wasiyoikumbuka.