Anayejua kuogelea naye avae jaketi okozi

Baadhi ya viongozi wa vijana hapa Moshi, wanapojiandaa kuwapeleka vijana hao mjini Tanga kujifunza kuendesha mashua ndogo za tanga, husema: “Hawa wameshafuzu kuogelea bwawani, jaketi okozi ni la wasiojua.” Si kweli, na inaniumiza kuisikia. Tanga la mashua likigeuka, mti wake wa chini huvuka mashua kwa kasi na unaweza kumpiga mtu kichwani. Aliyezimia haogelei, hata awe bingwa.

Mpimeni kila mmoja: fungeni vifungo vyote, kisha livuteni jaketi juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Na mashua ikipinduka, wasikimbilie kuogelea hadi ufukweni. Waishikilie, kwani kwa kawaida huendelea kuelea na huonekana upesi kuliko kichwa cha mtu.