Wastani si "ya kutosha"

Juzi huko Chamwino, kabla mkutano haujaanza, mzee mmoja alinidaka: "Mtaalamu, mlisema mvua za wastani. Njoo uone mahindi yangu." Kila msimu nayasikia haya. Nimechoka.

Dhana: mvua za wastani ni mvua za kutosha.

Wastani ni mvua ya miaka mingi iliyojumlishwa, ikagawanywa kwa idadi ya miaka. Dodoma ni kama milimita 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hesabu hiyo haikwambii zitanyesha lini. Nilimchorea mzee mashamba mawili mchangani, kila moja limepata milimita 120 Januari. La kwanza lilipata 20 mara sita, likipumzika siku kadhaa katikati. La pili lilipata 60 usiku mmoja, 60 usiku uliofuata, kisha jua mpaka mwezi ukaisha.

"Hilo la pili ndilo langu," akasema. Maji yaliingia korongoni pamoja na udongo wake, lakini kwenye kitabu cha takwimu mashamba yale ni mapacha. (Mtama ungevumilia, ila watu wanataka ugali mweupe. Nimesema mpaka basi.)

Neno hilo likifika kwa madiwani ndipo linapouma. "Wastani" husomwa "hakuna shida", ombi la chakula likakaa mezani huku maghala yakifagiliwa. Ninyi mnaoandika taarifa, pembeni ya jumla wekeni idadi ya siku za mvua na urefu wa kiangazi cha katikati ya msimu. Ni mistari miwili tu, jamani!

Dhana: "asilimia 45 juu ya wastani" kwenye utabiri wa msimu ni nyongeza ya mvua.

Hapana, huo ni uwezekano. Makundi ya msimu ni matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Bila utabiri wowote kila kundi lina uwezekano wa theluthi, yaani kama asilimia 33, kwa hiyo 45 ni mzani ulioinama kidogo.

Dhana: ikinyesha kubwa mjini, visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma mjini vimejaa.

Maji ya chini kule hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua nyingi mno, kama El Niño ya 1997/98.

Dhana: kwetu imenyesha, basi wilaya nzima imenyesha.

Hapana, mvua hubagua, kwa hiyo pima ya kwako. Tega kopo lenye mdomo na kitako vilivyo sawa, asubuhi pima kwa rula. Milimita 1 kwenye ekari ni lita 4,000 hivi. Lisikae chini ya mti, na mbuzi wasilifikie.