Mashine ya boti inaharibika ikiwa imelala

Sisi tunaofundisha ufundi wa injini za majini kuna kitu tunaona kila mara, boti zinapandishwa mchangani miezi miwili mitatu, iwe ziwa limefungwa ama mwenyewe ameenda kulima, alafu siku ya kurudi kazini mtu anavuta kamba mpaka bega linauma na mashine haitoi hata mlio. Analaumu fundi wa mwisho aliyeishika. Lakini fundi hana kosa, kosa ni ile siku ya kuiweka.

Wazungu kwa nchi zao za baridi hawachezi na hii kitu. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, na maji yaliyobaki ndani ya bloku yakivimba hivo chuma kinapasuka kabisa, kwa hio kabla ya baridi wanamwaga maji yote, na kwa zile injini za ndani ya boti wanapitisha dawa ya kuzuia kuganda. Huku kwetu barafu ni ya juu Rwenzori na huko hakuna anayevua ngege, kwa hio usipoteze pesa kununua hio dawa. Lakini maji yenyewe hata bila kuganda yanakula mashine polepole, na petroli ya zamani ndio mbaya zaidi.

Anza na maji. Chukua pipa lililokatwa, jaza maji safi, simamisha mashine ndani maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea, weka nyutro na uiache inguruma taratibu kama dakika 10 ili mchanga na uchafu wa magugu maji utoke. Ukiitoa iache imesimama wima mpaka maji yote yashuke yenyewe. Hapa ndio watu wanakosea, maana kwa sababu ya wezi kila mtu anabeba mashine yake nyumbani, inalazwa kwa boda kichwa kiko chini na propela iko juu, maji yaliyobaki kwa njia ya moshi yanarudi mpaka kwa silinda. Kichwa kikae juu siku zote, hata kwa boda.

Petroli ikikaa kwa kabureta inakauka inabaki kama ulimbo, na vile vitundu vya jeti ni vidogo sana vinaziba. Chomoa mpira wa mafuta wakati mashine bado inanguruma pole mle ndani ya pipa, kabla hujaitoa, izime yenyewe, alafu fungua kale kaskurubu ka chini ya kabureta umwage kilichobaki, maana huwa kinabaki. Ile ya jerikeni usiiweke mpaka msimu mwingine, tumia kwa kitu kingine. Kisha toa plagi, weka oili ya tustroku kijiko kidogo kwa kila silinda, vuta kamba polepole mara tano sita, rudisha plagi.

Sasa gia oili, na hapa naomba msome vizuri. Fungua skurubu ya chini kwanza alafu ya juu, oili ishuke kwa kopo safi uiangalie. Ikiwa kama chai ya maziwa basi maji yameingia. Yanapitia wapi? Mara nyingi ni nyuzi za nyavu, zinajisokota nyuma ya propela kwenye shafti mpaka zinakata sili, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie, na mwenyewe hajui kwa sababu mashine bado inasukuma vizuri tu. Toa propela uangalie, mimi naona hii ni kazi ya kila mwezi sio ya msimu. Ukishabadilisha sili na zile washa (pete ndogo) za skurubu, jaza oili mpya kutokea tundu la chini mpaka itokee la juu, funga la juu kwanza ndio ufunge la chini. Ukijazia juu hewa inabaki ndani na utadhani imejaa.

Neno kwa wanaonunua mashine yuzdi kutoka nje. Nyingine zimetoka kwa baridi na mwenyewe wa kwanza hakumwaga maji, zimepasuka, zikapakwa gundi ya chuma na rangi juu. Chunguza ubavu wa bloku, na kasha la gia karibu na ile skurubu ya chini. Rangi ikiwa mpya sehemu moja tu, uliza kwa nini. Pima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, kwa silinda zote, tofauti ikizidi asilimia 10 rudisha pesa mfukoni. Muuzaji akikukataza kufungua gia oili mbele yake, we ondoka tu.

Siku ya kurudi majini, kabla hujapakia nyavu, washa ukiwa bado ukingoni uangalie kama inakojoa, yaani kama inarusha maji ya kupoza kwa kale katundu kake ka nje. Isipokojoa upesi zima hapo hapo. Kwanza chokoa kale katundu na waya, nyigu wanapenda sana kujenga nyumba ya udongo mle ndani. Kama ni safi na bado haikojoi basi ni impela, ule mpira wenye mabawa unaosukuma maji ndani ya mashine, ukikaa muda mrefu mabawa yake yanajikunja na kubaki hivo, badilisha tu, bei yake haifiki hata robo ya kuchonga silinda.